Kondoo Sita kwenye Nyasi za Mwalimu: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki nilikishughulikia mwenyewe, nikiwa afisa mifugo. Majina nimeyaondoa, pamoja na kila kitu kinachoweza kumfanya jirani aseme "hapa ni kwa fulani". Mwenye nyumba nitamwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na walimu wastaafu kule ni wengi kuliko kondoo.

## Mahali na watu

Nyumba iko nje kidogo ya mji wa Arusha, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Kiwanja ni ekari moja kasoro. Ukitoa nyumba, banda la kuku na migomba, zinabaki mita za mraba kama 2,400 za nyasi: mbele ukoka, nyuma zile nyasi nene za Kikuyu zinazotambaa na kupanda juu ya kila kitu. Upande wa barabara kuna uzio wa oleanda, ule mti wa majani marefu membamba na maua ya rangi ya waridi. Watu huupenda kwa uzio kwa kuwa haudai maji mengi na mifugo haiugusi.

Mwalimu anaishi na mjukuu wake na kijana wa bustani. Kijana amekulia tambarare za magharibi ya mlima, amechunga tangu akiwa na miaka sita. Mwalimu, kwa upande wake, bustani ndiyo dini yake ya pili. Kila mti uliopo pale ameupanda yeye, na anajua ulitoka kwa nani.

Nyasi zilikuwa zinakatwa kwa kwanja. Mashine ya petroli ilikuwapo zamani, ikagonga mawe mara mbili, ikauzwa. Kibarua alilipwa shilingi 25,000 kila akija: masika kila baada ya siku kumi, kiangazi mara moja kwa mwezi au isiwe kabisa. Mwalimu ana daftari. Mwaka uliotangulia alikuwa amelipa mara 22, yaani 550,000. Siku moja akapita kwenye uwanja wa kanisa, akakuta kondoo wa mtu wanakula pale na nyasi ziko sawasawa. Akarudi nyumbani na wazo.

## Mbuzi au kondoo

Mwalimu alitaka mbuzi, kwa sababu mbuzi anauzika haraka. Kijana alipinga: "Mama, mbuzi hatakula nyasi zako. Ataanza na maua, atapanda kwenye parachichi, nyasi ataziona baadaye." Alikuwa sahihi kabisa. Mbuzi ni mla vichaka, hutafuta majani ya juu na magome. Kondoo huinamisha kichwa chini. Anayetaka kufyeka kichaka achukue mbuzi. Anayetaka nyasi fupi achukue kondoo, na hata huyo kondoo, waridi atalimaliza kwanza, radhi ataomba baadaye.

Walichagua pia aina inayofaa, ingawa sababu yao ilikuwa bei. Walinunua machotara wa kondoo mwekundu wa Kimasai. Huyu ana manyoya mafupi yasiyohitaji kukatwa, na anastahimili minyoo ya tumbo kuliko aina nyingi za kigeni.

Idadi waliipata kwa macho. Ilikuwa Aprili, mvua imenyesha wiki tatu mfululizo, nyasi za nyuma zimefika magotini. Mwalimu alizitazama akasema wawili hawataziweza. Wakanunuliwa sita, majike watano na dume mmoja, kila mmoja kwa 110,000. Dume alikuja kwa sababu muuzaji hakutaka kumwacha. Hakuna aliyeuliza Agosti itakuwaje. Mimi sikuwapo, lakini nisijitoe: ningekuwapo, labda nami ningesema sita.

## Aprili hadi Juni: zulia lenye viraka

Kondoo waliachwa wazunguke kiwanja kizima mchana, usiku wanalala bandani kwa kuogopa mbwa na fisi. Wiki mbili za kwanza Mwalimu alifurahi. Ya tatu akaanza kununa.

Alitarajia zulia. Alichopata ni viraka: hapa nyasi zimeliwa mpaka zinaonyesha udongo, hatua tatu mbele zimesimama na kuanza kutoa mbegu. Kila palipo na kinyesi kingi nyasi zilibaki ndefu na kijani kibichi, kwa sababu kondoo hapendi kula alipochafua. Na vidonge vyenyewe vilifika mpaka barazani. Mawaridi manane yaliisha kwa asubuhi moja, mlango mdogo ulipoachwa wazi. Kibarua wa kwanja akaitwa tena, safari hii akate yale waliyoyaacha kondoo.

Katikati ya Juni jike mmoja alivimba chini ya taya, uvimbe laini kama mfuko wa maji. Hapo ndipo nilipoitwa. Niliwashika wote, nikafunua kope za chini na kulinganisha na ile kadi ya rangi iliyobuniwa Afrika Kusini, inayoanza na 1 kwa nyekundu iliyokolea mpaka 5 kwa nyeupe. Huyo alikuwa 4. Wawili walikuwa 3. Waliobaki walikuwa wazuri. Ilikuwa minyoo ya tumbo inayofyonza damu.

Niliwapa dawa watatu tu, kila mmoja kwa uzito wake kwenye mizani ya kuning'iniza. Mwalimu aliona kama nambania. Ukweli ni kwamba ukiwanywesha wote kila mara, minyoo inayobaki hai ni ile isiyosikia dawa, na hiyo ndiyo itakayozaliana. Nilichagua levamisoli badala ya albendazoli kwa sababu dume alikuwa ndani ya kundi na hatukujua nani ana mimba changa. Albendazoli haitakiwi siku za mwanzo za mimba.

Kisha tukagawa kiwanja. Fundi alileta wavu wa mita 50 na vigingi, jumla 280,000. Ukitumia ukuta wa nyuma kama upande mmoja wa mita 20, wavu huo unazunguka mita 15 kwa 20, yaani kipande cha mita za mraba 300. Vipande vinane, siku nne kila kimoja, na kondoo hawarudi walipotoka mpaka ziishe wiki nne. Siku nne zina sababu yake: mayai ya minyoo yaliyotoka na kinyesi huhitaji karibu wiki moja ya joto na unyevu kuwa viluwiluwi vinavyoambukiza. Ukiwahamisha kabla, hawali walichopanda wenyewe. Wiki nne kwenye baridi ya mlimani haziui viluwiluwi vyote. Huwapunguza, basi.

Nilikunywa chai, nikaaga. Kiti nilichokalia kilikuwa kivulini, chini ya uzio wa oleanda.

## Julai na Agosti: nyasi zinaisha

Mvua ilikata mwanzoni mwa Juni kama kawaida. Mwishoni mwa Julai mpango wa siku nne ulikufa kifo cha kawaida, maana kipande kilichopumzishwa wiki nne hakikuwa kimeota chochote. Kijana alikunja wavu akawaachia kiwanja chote. Sehemu za mbele zikawa udongo mtupu. Mwalimu akaanza kununua marobota ya nyasi kavu kwa 6,000 kila moja, na mpaka mvua za vuli zilipokuja alikuwa amenunua 50. Hesabu hiyo ni 300,000 za kulisha mnyama aliyenunuliwa kupunguza nyasi.

Katikati ya Agosti palikuwa na ugeni wa posa. Ijumaa Mwalimu aliagiza uzio ukatwe ulingane. Kijana akaukata vizuri, akarundika matawi nyuma ya banda ayapeleke shimoni Jumatatu. Jumamosi jua liliyanyausha. Jumapili asubuhi marobota yalikuwa yameisha na duka limefungwa. Kondoo wakafunguliwa watafute.

Saa kumi jioni jike mmoja alikuwa anahara na kuyumba. Alfajiri alikuwa amekufa. Mwingine alisimama kichwa chini, hataki kutembea.

## Maamuzi ya Jumatatu

La kwanza lilikuwa nyama. Nilipofika, majirani wawili walikuwa wanamshauri Mwalimu amchinje yule mgonjwa kabla hajafa, "asipotee bure". Nilikataa, na nikakataa kwa sauti, maana ushauri huu husikika katika kila zizi lenye mgonjwa. Mnyama aliyekula sumu ambayo bado hatujaitambua haingii jikoni.

La pili lilikuwa kutokumpasua yule aliyekufa, kwanza. Kwetu mnyama akifa ghafla lazima kimeta, ugonjwa unaoua hata watu, kiondolewe kwenye orodha kabla ya kisu kugusa ngozi. Nilichukua damu ya sikio, nikaipaka kwenye kioo, nikaipeleka chini ya hadubini. Haikuwa na kimeta. Ndipo nikafungua tumbo, na katikati ya nyasi zilizotafunwa nikakuta vipande vya majani marefu yenye mshipa mmoja mnene katikati. Nilitoka nje, nikalinganisha na uzio.

Sumu ya oleanda hushika moyo. Yule mgonjwa mapigo yake yalikuwa yanaruka: mawili, kimya, matatu ya haraka, kimya. Dawa mahususi ya kuiondoa hatukuwa nayo. Nilimnywesha mkaa wa dawa uliochanganywa na maji, nikaagiza awekwe kivulini, asifukuzwe, asishikwe ovyo, kwa sababu moyo uliochanganyikiwa huzimwa na mbio fupi tu. Siku ya nne alianza kucheua. Alipona.

Kijana aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Daktari, nimewaangalia miezi minne. Ule mti hawaugusi." Na alikuwa mkweli. Majani mabichi ni machungu, na kondoo aliyeshiba huyapita. Tawi lililokatwa na kunyauka uchungu wake humpotea mnyama, lakini sumu inabaki, hata likikauka kabisa.

Mzoga ulizikwa kwa kina. Matawi yalifukiwa kwenye shimo lake yenyewe, hayakuchomwa, maana moshi wake nao si salama. Uzio Mwalimu hakutaka kuung'oa. Aliuotesha mwaka aliofiwa na mumewe, na hapo sikuongeza neno. Tukaweka wavu wa kudumu mita moja kutoka kwenye uzio, na sheria kwamba siku ya kukata miti kondoo hawafunguliwi mpaka kila jani liwe limeondoka. Mwezi wa Septemba dume na jike mmoja waliuzwa, jumla 270,000. Walibaki majike watatu. Oktoba, robota likiwa bado 6,000 na udongo bado mwekundu, wawili kati yao walizaa. Mimba ya kondoo ni miezi mitano; dume alikuwa amefanya kazi yake Mei, nyasi zilipokuwa tele.

## Daftari la Mwalimu

Mwaka wa kwanza ulitoka hivi: kondoo 660,000, wavu 280,000, dawa 75,000, marobota 300,000, na kibarua wa kwanja mara saba, 175,000. Jumla 1,490,000. Ukitoa 270,000 za mauzo, nyasi za mwaka ule zilimgharimu 1,220,000, zaidi ya mara mbili ya kwanja. Ni kweli kwamba alibaki na majike watatu, wanakondoo wawili na samadi ambayo sukuma wiki yake inaisifia mpaka leo. Lakini yeye hakutaka kufuga. Alitaka nyasi fupi.

## Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Wengi niliowasimulia husema tatizo lilikuwa oleanda. Mimi naona oleanda ilikuja mwishoni tu. Tatizo lilianza Aprili, kwa kupima tumbo la kondoo kwa urefu wa nyasi za siku hiyo.

Mwaka wa pili tulipima. Tuliweka fremu ya mita moja kwa moja, tukakata nyasi ndani yake mpaka chini, tukasubiri siku kumi, tukakata tena na kupima zilizoota. Mei zilikuwa gramu 220 mbichi, ambazo zikikauka hubaki 45 hivi. Hizo ni gramu 4.5 kwa siku kwa kila mita, na kwa mita 2,400 ni karibu kilo 11 za nyasi kavu kwa siku. Kondoo wa kilo 30 hula kama asilimia 3 ya uzito wake, sema gramu 900. Kwa hiyo Mei kiwanja kile kilihitaji kondoo 12. Agosti fremu ile ile ilitoa gramu 5 kavu kwa siku kumi. Kiwanja kizima, kilo 1.2 kwa siku. Kondoo mmoja, na wa pili ale theluthi.

Tazama basi wale sita. Masika walikuwa wachache mno, kiangazi wengi mno, na hasara zote za Mwalimu zinatoka kwenye moja ya pande hizo mbili. Walipokuwa wachache walichagua. Kondoo mwenye chakula kingi hurudi kwenye machipukizi mafupi aliyokula jana, kwa kuwa ni laini, na huyaacha mabua yakomae, ndiyo viraka. Na huko chini, sentimita tano za mwisho karibu na udongo, ndiko viluwiluwi vya minyoo hukaa wengi. Ndiyo ule uvimbe wa taya, katikati ya neema. Walipokuwa wengi walimaliza nyasi, wakafika mpaka kwenye matawi makavu ambayo kondoo aliyeshiba angeyaruka. Mashine ya kukata nyasi ukiiweka stoo Julai haidai kitu. Kondoo anadai kila asubuhi.

Dume ni kosa dogo lenye mkia mrefu. Ikulu ya Marekani nayo ilipitia hayo: mwaka 1918, wakati wa vita, Rais Wilson aliweka kondoo kwenye nyasi zake ili kuokoa nguvu kazi, na kundi likafika 48. Sufu yao ilipigwa mnada kwa ajili ya Msalaba Mwekundu na kuleta zaidi ya dola 50,000, kwa hiyo wao walipata pa kupeleka ziada. Mwalimu hana mnada.

Jambo la pili ni nani alijua nini. Kijana alimjua kondoo kuliko mimi: aliwaepusha na mbuzi, aliona uvimbe wa taya siku ya kwanza, na alisisitiza wasinunue mmoja peke yake kwa sababu kondoo wa pekee hulia mchana kutwa na kutafuta pa kutorokea. Lakini alikochunga hakuna bustani, na oleanda aliijua kwa kuitazama tu. Mwalimu aliijua oleanda. Aliwahi kuwakataza watoto wasichezee majani yake. Hakuwahi kufikiri kwamba kondoo naye ni mtoto. Elimu yote iliyohitajika ilikuwa ndani ya uzio ule, imegawanyika kwa watu wawili ambao mazungumzo yao yalikuwa "kata hapa, mwagilia pale".

Wa tatu nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyelipwa kujua vyote viwili. Juni nilitazama kope za kondoo sita na sikutazama miti mitatu. Siku hizi nikiitwa kwenye nyumba ya bustani nazunguka kwanza. Natafuta mimea ya sumu: oleanda, lantana, duranta. Kisha jirani: kule juu watu hupulizia kahawa mrututu, dawa ya ukungu yenye shaba, na kondoo hustahimili shaba kidogo sana kuliko mbuzi au ng'ombe. Kwa sababu hiyo hiyo jiwe la chumvi la ng'ombe halimfai. Kisha chakula cha kuku, kiko kwenye gunia wazi au kwenye pipa lenye mfuniko, maana kondoo akivamia nafaka tumbo huchacha na anaweza kufa kabla hujapata namba ya daktari.

Mgawanyo wa vipande ulifanya kazi kwa muda ambao nyasi zilikuwapo. Katika vuli, vipande vilipoanza tena, nyasi zililingana kuliko wakati wowote wa mwaka ule, na kope za majike watatu hazikuzidi 2 kwenye kadi. Kumpa dawa aliye mweupe tu nako kulifaa. Hatukumnywesha yeyote tena mpaka Aprili.

## Mwaka wa pili

Wazo lililookoa mpango lilitoka kwa kijana. Mwalimu abaki na majike wawili tu, idadi ambayo Agosti inaweza kuibeba kwa marobota machache. Mvua kubwa zikianza, mjomba wa kijana alete majike wanane, wale mpaka mwisho wa Mei, warudi kwao wamenenepa. Hakuna anayemlipa mwenzake. Mjomba anapata malisho, Mwalimu anapata midomo kumi.

Sharti langu lilikuwa kwamba wageni wawe wamechanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi unaoambukiza haraka, na wakae wiki tatu kwenye banda la nyuma kabla ya kuchanganyika. Mjomba alinung'unika kuhusu zile wiki tatu, kisha akawaleta mapema, Februari mwishoni. Halmashauri nayo ina sheria ndogo kuhusu mifugo makazini, kwa hiyo Mwalimu alienda kwa mtendaji wa kijiji akaeleza kabla hajaulizwa. Masharti yakawa wasitoke nje ya uzio na samadi isirundikwe upande wa jirani.

Daftari la mwaka huo: chanjo na dawa 40,000, marobota 40,000, kwanja mara sita 150,000. Jumla 230,000, dhidi ya zile 550,000 za zamani. Jike wa tatu na wanakondoo wawili waliuzwa kabla ya Juni.

Kwanja mara sita ni za mbele ya baraza. Pale Mwalimu amekataa kondoo wasikanyage, kwa sababu ya vidonge na viatu vya wageni, na kibarua yule yule anakuja, kwa 25,000 ile ile, na kuuliza kila mara kama mama amechoka na kondoo.